Choo cha Kuazima

Nimestaafu, lakini vijana wa mtaani kwangu Makoko, hapa Musoma, naona taarifa haijawafikia. Haipiti wiki bila mmoja wao kusimama langoni kwangu amejishika mgongo, au tumbo, au kisogo, akiniomba nimpime. Nitampimia nini? Hadubini niliiacha kazini, ni mali ya serikali, na hapa nyumbani kitu chenye kioo nilichobaki nacho ni miwani ya kusomea. Juzi kaja kijana wa bodaboda, kaniambia ana malaria ya ndani kwa ndani, ile isiyoonekana. Nikamuuliza, kama haionekani, yeye kaijuaje. Akasema anaisikia tu ikitembea.

Nilimcheka kidogo, kisha nikamkaribisha chai na kumketisha, kwa sababu nimeona kwa macho yangu mambo ya namna hiyo yanaweza kumfikisha mtu wapi. Yuko kijana mmoja aliyekaribia kututoka mikononi huku vipimo vyote vikisema ni mzima. Huyo ndiye ninayetaka kuwasimulia, nyie wa miaka ishirini na kitu mnaoumwa kila mahali na ugonjwa hauonekani popote. Nimemwomba ruhusa mwenyewe. Amesema niandike yote, hata ya aibu, mradi jina lake nibadili, kwa hiyo hapa tumwite Magesa.

Lakini kwanza mnijue mimi. Nimefanya kazi ya maabara tangu nikiwa msichana mwembamba mpaka nikawa bibi wa kusukumwa kwenye ngazi ya basi. Nilianzia Musoma mjini, nikahamishiwa Butiama, nikamalizia kwenye kituo kimoja cha afya Bunda. Nimechungulia damu, mikojo na vyoo vya watu wengi wa mkoa huu, wakiwemo wakubwa wenu mnaowaogopa. Nikikutana nao sokoni wananisalimia kwa adabu ya ajabu na kupita haraka. Siri zao ziko salama, ila wao hawana hakika.

Kazi yenyewe nilifundishwa na Mzee Wambura, mrefu, mkali, mwenye koti jeupe lililofuliwa mpaka likawa rangi ya maziwa ya mgando. Wiki yangu ya kwanza aliingia mfugaji mmoja kutoka huko juu, jitu la miraba minne, mtu wa kufukuzana na fisi kwa rungu. Nikamuuliza anaumwa nini, akasema kichwa, nikamfunga mpira mkononi akiwa amesimama, nikachoma. Lile jitu lilinitazama, likaona damu yake, likaniangukia. Mzee Wambura alitukuta sote wawili sakafuni, mimi chini, yeye juu, na mpira bado uko mkononi mwake. Hakuuliza kama nimeumia. Aliuliza, "Amekula nini leo huyu?"

Nikamjibu nikiwa chini kwamba sijui.

"Basi kuanzia leo uwe unajuaga," akasema, ndipo akaanza kutuinua.

Tangu siku ile, mtu yeyote akikaa kwenye kiti changu, kabla ya yote namuuliza amekula nini. Na kiti chenyewe nakiegemeza ukutani, ili mwenye kuzimia azimie kwa utaratibu. Mwanzoni niliuliza ili nisiangukiwe tena. Ilinichukua miaka kuona kwamba jibu la swali hilo linaniambia mambo mengi kuliko nilivyodhani, maana mtu anaweza kunidanganya kuhusu maumivu, lakini chakula hukisimulia bila kujilinda.

Zamani hatukuwa na vikopo hivi vyenu vya plastiki vyenye kifuniko cha rangi. Watu walileta choo kwenye kiberiti. Ukifungua droo ya maabara hujui kama utakuta njiti au utakuta mzigo wa mtu. Nilikuwa nawaomba walete kiasi cha punje ya harage, na wapo walioona hiyo ni dharau, wakaleta kopo zima la mafuta ya kupikia, limejaa, limefungwa kwa kamba. Umeme ukikatika tulikielekeza kioo cha hadubini dirishani tukatumia jua, na wingu likipita, mgonjwa na ugonjwa wake wote walisubiri. Siku hizi tone la damu kwenye kikaratasi, dakika chache, jibu hilo. Ni vizuri sana, ila naona vipimo hivi vimewazoesha vijana kuamini kwamba kila linalowauma lina kikaratasi chake.

Halafu magonjwa nayo yana fasheni. Nilipoanza kazi kila mtu alikuwa na malaria, hata aliyevunjika mguu. Baadaye ikaja tayfodi, mji mzima ukawa na tayfodi. Ikafuata vidonda vya tumbo. Sasa hivi ni yutiai, ule ugonjwa wa njia ya mkojo, kijana hajalala vizuri siku mbili anakwambia ana yutiai sugu. Ananunua dawa duka la kwanza, dozi haijaisha anahamia duka la pili, na mwisho anakuja kwetu na tumbo lililochoshwa na dawa kuliko na ugonjwa.

Magesa alikuja Bunda asubuhi moja baada ya kuzunguka hivyo. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kijiji kimoja wilaya ya Butiama, lakini kwao ni huku ziwani, familia ya wavuvi. Kijana msafi, mpole, ana kazi, ana mchumba, hajakosana na mtu. Alikuwa ameshapima Musoma, akapima Butiama, akaona labda mashine za Bunda zina macho zaidi. Tabibu wetu, Daktari Rhobi, dada mmoja wa umri wa kitinda mimba wangu, alimsikiliza, akamleta kwangu na orodha ndefu ya vipimo.

Nilimkalisha kwenye kiti cha ukutani, nikamuuliza swali langu.

"Sikumbuki, mama," akasema.

Jamani, mimi mwenyewe ni Mjita kama yeye, watu wa ziwani. Mjita anaweza kusahau siku aliyozaliwa mtoto wake, lakini atakwambia sato aliyemla Jumapili iliyopita alikuwa na mayai au hakuwa nayo. Nikamuuliza jana je. Akafikiri, akasema labda chai. Nikatazama suruali yake, ilikuwa imekunjwa kiunoni ikashikiliwa na mkanda uliotobolewa tundu jipya kwa msumari. Aliniambia kichwa kinambana kama amevaa kofia ya mtoto, tumbo linawaka, moyo unadunda akilala, na usingizi unamkatikia kabla ya jogoo na haurudi tena. Mafua ya kila mwanafunzi anayaokota yeye. Kidonda cha kujikwaa kwenye dole gumba kilikuwa na miezi, hakijafunga.

Nikapima kila nilichoandikiwa. Malaria hakuna. Sukari iko sawa. Damu inatosha. Mkojo safi, choo safi. Kwa Daktari Rhobi presha yake ilikuwa imepanda kuliko inavyotakiwa kwa mtu wa umri ule, na uzito umeshuka, lakini kwangu mimi, kwenye vioo, palikuwa peupe.

Nilitoka kumpa majibu kwa furaha, kama ninavyowapa watu wote. Watu nikiwaambia hakuna kitu humshukuru Mungu, wengine hunikumbatia. Huyu alinitazama kama mtu aliyenyimwa haki yake.

"Hakuna hata kidogo?" akauliza.

Nikamwambia hata kidogo.

"Mama, rudia kuangalia. Nipatie hata amiba."

Nimeombwa vitu vingi dirishani pale. Nimeombwa nifiche majibu kwa mke, nimeombwa nibadilishe kundi la damu la mtoto ili lifanane na la baba. Amiba sikuwahi kuombwa. Nilimwonea huruma, nikamwambia ukweli wa kitaalamu, kwamba mayai ya kichocho hayatoki kila siku, choo kimoja kinaweza kuwa safi na cha wiki ijayo kikawa nayo, hasa kwa mtu aliyekulia ziwani. Alete kingine. Uso wake ukafunguka kidogo, akaondoka na kikopo changu amekishika kwa mikono miwili. Daktari Rhobi naye alimwambia arudi wiki hiyo hiyo kwa ajili ya presha na mazungumzo zaidi. Magesa alisikia habari ya kikopo tu.

Akarudi nacho. Nikaandaa kioo, nikainama, na nikaona ambacho sijakiona kwa muda mrefu. Mayai ya kichocho yalikuwa yamejaa kama mnada wa ng'ombe, kila moja na mwiba wake ubavuni, na katikati yao mayai ya safura yamepita pita kama wachuuzi. Nilishangaa mtu mwenye mzigo ule aliwezaje kuwa safi juzi. Lakini hadubini haina ubishi, nikatoka nikamwambia una kichocho, na safura juu yake.

Magesa alinipa mkono. Alinishukuru kama niliyemtafutia ajira. Siku hiyo Daktari Rhobi alikuwa kwenye chanjo vijijini, mhudumu mwingine akampima uzito, akampa dawa, naye akazimeza palepale zote bila kulalamika ukubwa wake. Dawa ile inataka mtu aliyeshiba. Nilisikia baadaye kwamba alitapika stendi mpaka kondakta wa basi akaahirisha safari kumpisha, na alikuwa anatapika huku ameridhika.

Siku chache zilipita. Nikamwona mtu amechuchumaa chini ya dirisha langu, kijana mweusi wa jua, ananuka dagaa, viatu ameweka pembeni kama anaingia kanisani. Alijitambulisha kwa jina la Bwire, mvuvi, ametoka kisiwa cha Rukuba, ni mtoto wa baba mdogo wa Magesa. Nikadhani ametumwa. Akasema hapana, amefuata majibu. Nikamuuliza majibu ya nani.

"Ya Magesa."

Nikamwambia Magesa alishachukua majibu na dawa.

"Najua, mama. Ila ule mzigo ulikuwaga wangu."

Sikuelewa, akanieleza taratibu kama anayemweleza mtoto. Magesa alikuwa amevuka na boti mpaka kisiwani, akamwomba choo. Bwire akampa, si kitu cha kumnyima ndugu. Baadaye akasikia kwamba Magesa amekutwa na minyoo ya aina mbili. Akakaa kwenye kambi yao ya uvuvi akapiga hesabu, akaona kama minyoo imo kwenye choo, na choo ni chake, basi Magesa hana mnyoo hata mmoja.

"Sasa dawa kanywa yeye," akasema, "na minyoo nimebaki nayo mimi."

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika nondo za dirisha. Nimeona watu wakiazima suti ya harusi, wakiazima ng'ombe wa kuonyesha wakwe, wakiazima hata watoto ili wapite mbele kwenye foleni. Choo cha kuazima kilikuwa kipya kwangu. Bwire alinisubiri nimalize. Yeye hakucheka hata kidogo, na nilipofuta machozi akaniambia jambo ambalo lilinikausha.

"Mimi nilichekaga kama wewe wakati ananiomba. Halafu nikamwangalia, nikaona analia. Anaomba huku analia, mama."

Akanieleza mengine. Kwamba Magesa alilala kambini siku ile ameelekea ukuta, mchana kweupe, wakati wenzake wote wako nje wanaanika dagaa. Kwamba alikuwa mtu wa utani na mpira, na sasa mtu akimwita jina inabidi amwite mara nyingi. Kwamba mwalimu mkuu wake amesema ni mvivu, mama yake amesema amelogwa, mchumba amesema ana mwanamke mwingine, na yeye mwenyewe hajui amjibu nani. Akipata ugonjwa, wote watanyamaza. Ndiyo maana aliufuata kisiwani.

Nilimpeleka Bwire akapewe dawa yake halali, tena baada ya kula, kisha nikaenda moja kwa moja kwa Daktari Rhobi. Yeye hakushangaa sana. Alisema tangu siku ya kwanza alikuwa anangoja Magesa arudi, kwa sababu usingizi ule, uzito ule na presha ile vilikuwa vinamwambia kitu, na alitaka kwanza vipimo vyangu viondoe magonjwa mengine. Akamwomba Bwire amlete, na akaniomba na mimi niwepo, kwa kuwa Magesa alikuwa ananiita mama.

Nilijiandaa kumgombeza. Nilikuwa na hotuba nzima kuhusu uaminifu wa sampuli, nimeipanga vizuri, hata nilikuwa na mahali pa kutua na kumtazama machoni. Magesa aliingia akaketi ameinama, Bwire kamshika bega kama askari, na Daktari Rhobi hakugusa habari ya choo kabisa. Aliuliza usingizi. Akauliza chakula. Akauliza vitu alivyokuwa anavipenda, kama bado anavipenda. Magesa alisema mpira ukichezwa mbele yake anaona watu wanakimbia tu. Alisema akifundisha anajisikia kama anaongea kutoka ndani ya pipa. Kisha dada yule, kwa sauti ileile ya kuulizia chakula, akamuuliza kama amewahi kufikiria kufa.

Mimi nilitaka kumzuia. Sisi wa zamani tuliamini ukilitaja jambo hilo unalialika. Siku ile nilijifunza kinyume chake, maana Magesa alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia.

"Kujiua sijafikiriaga, Daktari," akasema. "Ila nikisikia boti imezama, nawaoneaga wivu waliokuwemo."

Bwire aliondoa mkono begani kwake akajishika kichwa. Yeye ndiye aliyekuwa ziwani kila siku, ndugu yake alikuwa anawaonea wivu watu kama yeye. Mimi niliogopa, nawaambia wazi. Nina watoto, na nilimwona mtoto wa mwenzangu amesimama ukingoni na sisi tulikuwa tunamtafutia minyoo.

Daktari Rhobi alimwambia una ugonjwa. Alimwambia unaitwa sonona, unawapata vijana wengi wenye kazi na wasio na kazi, wenye sababu na wasio na sababu. Akamweleza kwamba kichwa na mwili ni nyumba moja, hakuna chumba kinachoungua moshi usifike kingine. Mtu asiyelala, presha inapanda. Asiyekula, uzito unakwenda, na kinga inalegea, ndiyo maana mafua hayamwachi na kidonda hakifungi. Tumbo linawaka kwa kweli, kichwa kinauma kwa kweli, hajidanganyi. Na mwili ukidhoofika, nao unaongeza giza kichwani, mambo yanazunguka hivyo mpaka mtu avunje mzunguko mahali fulani.

Magesa aliinua uso. "Kwa hiyo upo? Ugonjwa upo?"

"Upo."

"Na unatibika?"

"Unatibika. Tunaanza leo."

Alilia palepale, na mimi nikalia, na Bwire akatoka nje akisema anaenda kuangalia viatu vyake, ambavyo safari hii alikuwa amevivaa. Ile hotuba yangu kuhusu sampuli sijaitoa mpaka leo.

Sasa msidhani yaliyofuata yalikuwa mepesi. Mama yake Magesa alikuja kutoka kijijini, mama wa kanisa, kitenge kimekaza, akataka aonyeshwe huo ugonjwa kwenye mashine. Nikamwambia mashine haiuoni. Akanitazama kama niliyemuuzia samaki wa juzi. Shida yake hasa haikuwa mashine. Huku kwetu mtu akiumwa, watu huja. Watamletea uji wa ulezi, watamchemshia sato, watakaa naye wakipiga soga mpaka apate nguvu ya kuwafukuza. Lakini ukisema ana mawazo, haji mtu na chakula, wanakuja na ushauri. Kwa hiyo yule mama aliuliza swali la maana sana, kwamba kanisani awaambie mwanawe anaumwa nini.

Daktari Rhobi akamwambia awaambie sonona. Mama akalirudia jina mara kadhaa, akalipima mdomoni. Jumapili alisimama kwenye matangazo, akasema mwanangu ana sonona, imeanzia kichwani ikashuka tumboni, imegusa presha na dole gumba. Kanisa zima likapigwa na butwaa kwa ugonjwa wa kutembea namna ile. Kufika jioni, nyumba ilikuwa na sufuria nyingi kuliko msiba.

Ni mjomba mmoja tu aliyekuja mikono mitupu, akaanza kusema kijana aoe yataisha. Bwire akamwomba mjomba waende wakaangalie boti inayovuja. Boti ilikuwa haivuji, lakini alimweka huko ziwani akiikagua mpaka wageni wakaondoka. Huyo Bwire alikuwa anavuka karibu kila mwisho wa wiki. Hakumshauri Magesa chochote. Alikuja na samaki, akamtoa kutembea ufukweni maana daktari alikuwa amesema atembee, wakirudi wanakula. Nilipomuuliza hachoki na safari, alisema mtu aliyetapikia minyoo yako huwezi kumwacha njiani.

Magesa alimeza dawa na akawa anakuja kuongea na Daktari Rhobi. Wiki za mwanzo hakuona nafuu yoyote, akanung'unika kwamba panadoli inafanya kazi upesi zaidi. Kisha nafuu ikaja, akajiona amepona, akaziacha dawa mwenyewe bila kumwambia mtu. Akaporomoka tena, suruali ikarudi kwenye tundu la msumari. Bwire alimrudisha Bunda kwa nguvu, nusu amembeba. Daktari hakumgombeza. Mimi nilimgombeza kidogo, nisingeweza kustaafu bila hilo. Basi nanyi mkianza dawa, msiache mpaka tabibu mliyeanza naye akubali. Na kabla ya kufika huko, pimeni vizuri mara moja, kwa mtu anayejua, kwa sababu upungufu wa damu na magonjwa mengine nayo humlegeza mtu na kumnyima raha. Mkishaambiwa vipimo vyote ni safi, msihamie maabara nyingine kutafuta amiba. Mweleze tabibu usingizi wako, hamu yako ya kula, machozi yako, kila kitu, hata kama hujaulizwa. Hizo nazo ni sampuli, na hizo huwezi kuziazima.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, kipindi cha mvua ndefu, Magesa alikuja anatetemeka, amevaa sweta mbili na meno yanagongana. Uzito ulikuwa umerudi, shingo imejaa. Sikuwa nimemwona kwa miezi mingi. Nikamtoa damu, nikaiangalia kwa kikaratasi, na kwa sababu mimi ni mtu wa zamani nikaiangalia tena kwenye hadubini. Nikatoka nikamwambia, "Magesa, una malaria."

Alikunja uso. "Malaria? Wiki hii? Mama, mimi siwezi."

Nikamwambia malaria haiombi nafasi.

"Darasa la saba wana mtihani, timu ya shule inacheza Ijumaa, halafu Jumamosi Bwire anashusha boti yake mpya na mimi ndiye wa kuandika jina. Rudia kuangalia, labda umekosea."

Nikamwambia ngoja nirudie, yuleyule aliyewahi kuniomba nimpatie hata amiba. Nikaingia ndani, nikafunga mlango, nikaegemea meza nikalia kwa kwikwi. Mwenzangu akaacha kazi yake akaja kunishika, akauliza kwa hofu majibu ya yule kijana ni mabaya kiasi gani. Nikamwambia ni malaria tu, vijidudu plasi mbili, nikaendelea kulia.